Shuka la Majani ya Avoka

Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili mfululizo hapa kwangu, na asubuhi ya tatu maji yakakataa kushuka kwenye mfereji ulio nyuma ya jiko. Nikainama kuzibua kwa mkono, maana fundi wa mtaa wetu ukimwita Jumatatu anakuja Jumamosi, tena na maneno mengi. Nikatoa fumba la majani yaliyooza, meusi, yananuka udongo na chai iliyolala. Nilipoyabandua jani kwa jani, nikakuta katikati yake vile vinyuzi vyeupe, vyembamba, vimetandaa kila upande. Rafiki yangu, nilisimama pale na majani mkononi nikasahau mfereji, nikasahau kwamba nimechelewa kazini. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, mwenye ofisi na ufunguo wa ofisi, nimekamatwa na ukungu wa majani! Acha nikuhadithie, kwa sababu nimejihadithia mwenyewe miaka mingi na kila mara napotea njiani.

Tulikuwa tunakaa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, kwenye parseli, yaani kiwanja, yenye nyumba ya matofali mbele na aneksi nyuma. Aneksi, kama hukukulia Bukavu, ni kile kijumba cha vyumba viwili ambacho kila mwenye parseli hukijenga ili apangishe au aweke ndugu. Uwanja wetu ulikuwa wa mteremko, kwani Bukavu nani ana uwanja ulionyooka? Ukidondosha chungwa mlangoni, unaenda kuliokotea kwa jirani wa chini. Na katikati ya mteremko huo ulisimama mti wa avoka, mkubwa, mvivu wa kuzaa lakini hodari wa kupukutisha majani. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kufagia majani yale, na kila asubuhi mti ulinicheka, kwa sababu nikifika chini na fagio, juu tayari kumejaa mengine.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Sisi watoto hatukujua nani anapigana na nani, na nikikuambia kwamba wakubwa walijua nitakuwa nakudanganya. Leo walipita askari wanaozungumza Lingala, kesho wakapita wengine wanaozungumza lugha nyingine, na wote waliomba maji. Papa, yaani baba yangu, alikuwa amesafiri kwenda Kinshasa kwa kazi ya siku kumi. Ndege zikakatika, na siku kumi zile zikawa miaka. Tulibaki wanne nyumbani: mama, aliyekuwa karani kwenye ofisi ya parokia, bibi, mama yake papa, mimi, mwenye miaka tisa, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia bila kuanguka. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Bomba lilikauka, tukawa tunachota maji ziwani kwa madumu. Tulikula bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, na sambaza zikikosekana tulikula bugali na hadithi za bibi.

Ndipo alipokuja mama wa aneksi. Alitoka Luvungi, kule kwenye bonde la Ruzizi, akikimbia mapigano. Alifika na godoro kichwani na jembe lisilo na mpini, akiwa peke yake. Kama alikuwa na mume au watoto, sikuwahi kusikia, na kuna maswali ambayo siku zile hata mtoto alijifunza kutoyauliza. Mama alimpa aneksi akae. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito ya watu waliozoea kuitana kutoka shamba hadi shamba, kiasi kwamba akikusalimu kwa karibu, ulihisi umefokewa. Watoto wa mtaani walimwogopa. Mimi nilimwogopa siku mbili tu, nikachoka.

Mkulima akikosa shamba, anaumwa. Wiki ya kwanza alizunguka uwanja wetu akibonyeza udongo kwa kidole cha mguu, akisikitika. Wiki ya pili alipata mpini, akalima nyuma ya aneksi kipande kisichozidi upana wa mkeka wa kulalia watu wawili, akapanda lengalenga, ile mboga ya majani ambayo wengine huiita mchicha. Na siku moja alinikuta nakusanya majani ya avoka ili niyatupe bondeni, akanipigia kelele.

"We mutoto! Unatupa chakula?"

Nikadhani amechanganyikiwa. Akanipokonya kapu, akamwaga majani kwenye kona karibu na ukuta, akayanyunyizia maji ya kuoshea vyombo. Tangu siku ile majani yangu yote yalikwenda konani. Lundo likakua hadi kifuani kwangu. Kila baada ya siku kadhaa alikuwa anachoma kijiti katikati yake, anakichomoa, anakishika kuona kama kina joto, kisha ananiachia na mimi nishike. Lundo la majani yaliyokufa, lina joto! Nilikuwa naenda kupasha mikono joto pale asubuhi ya baridi.

Baada ya mwezi hivi, au majuma sita, sijui, akafunua tabaka la juu akanionyesha ule weupe. Ulikuwa umetandaa jani hadi jani, mahali pengine nyuzi, mahali pengine kama unga ulionyunyizwa. Nilitaka kugusa, akanizuia mkono.

"Acha, iko nalala. Hii njo shuka yake. Ukifunua mbaya, baridi itaingia."

Kwa hiyo nilijua, mimi mwenye elimu yangu ya darasa la tatu, kwamba majani yakifa hulala, na yakilala hujifunika shuka, na yakiamka yanakuwa udongo mweusi wa lengalenga. Nilipenda sana jambo hilo. Siku zile kila kitu kilichokufa kilikuwa kinatisha, na hapa kulikuwa na kufa kwenye joto, kunakofunikwa vizuri. Nilikuwa naenda kuchungulia shuka kila siku, kimya, kama mtu anayechungulia mtoto kitandani. Na lengalenga ile, ndugu yangu, ilikuwa na majani mapana kuliko kiganja cha bibi. Mama wa aneksi aliipika na mawese kidogo na kitunguu, harufu ikapanda mteremko mpaka barazani kwetu, kisha akaja na sahani, akaiweka mezani, akaondoka.

Hapo kwenye sahani ndipo penye mambo. Kwetu Bukavu mtu akikuletea chakula au kinywaji, anaonja kwanza mbele yako. Si utani. Chupa inafunguliwa machoni pa mgeni, bia ya ndizi inanywewa kwanza na aliyeipika, na hata shangazi yako wa damu anachota kijiko kimoja kabla hajakukaribisha. Ni kwa sababu ya karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wa kwetu waliiogopa kuliko risasi. Risasi unaisikia inakuja. Karuho, walisema, unakula leo ukicheka, na baada ya miezi mitatu unakonda, unakohoa, unazikwa. Ni unga, walisema. Ni mweupe, walisema, au mweusi, inategemea nani anasimulia. Mama wa aneksi hakuonja. Sijui kama kule Luvungi hawana desturi hiyo au kama yeye aliiona ni upuuzi. Mara ya kwanza bibi alitazama sahani, akatazama mgongo wa yule mama unaoshuka kwenda aneksi, akasema, "Huyu hajuwe muji." Kisha akachukua tonge, akala. Na sisi tukala. Tulikula majuma mengi, tukalamba vidole.

Mpaka mdogo wangu alipougua. Ilianza alfajiri: kuharisha, kutapika, macho yakazama, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Jana yake jioni alikuwa amekula lengalenga. Zahanati ilikuwa imefungwa siku hiyo kwa sababu ya milio ya risasi upande wa mjini. Mama alimbeba, akamweka chini, akambeba tena. Jirani wa chini, mwanamke mwema kwa kweli, aliyewahi kutuazima chumvi na makala, yaani makaa, alipanda kuja kusaidia. Alipokwenda nyuma kumwaga maji machafu akapita karibu na lundo, na sijui ni kuku gani alikuwa amelichakura, shuka lilikuwa wazi. Nilisikia ndoo ikianguka.

"Maman! Kuya uone! Hii poudre nyeupe ni ya nini? Hii njo karuho yenyewe, anailimaka hapa kwenu!"

Ndani ya dakika chache uwanja ulijaa akina mama wa avenyu nzima. Mama wa aneksi alitoka na mikono yenye udongo, akaeleza, na ile sauti yake nzito ikafanya maelezo yasikike kama ugomvi. Majani, alisema. Yanaoza, alisema. Inakuwaka hivyo. Nani amsikilize? Nilitaka kusema habari ya shuka, lakini hata mimi nilisikia kichwani kwamba ingeonekana ujinga. Hapo mama yangu akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Mtoto wake mgongoni analegea, watu wanamzunguka wanataka jibu, na yeye akasema, "Mungoje. Tuulize kwanza mutu wa masomo." Akachuma jani moja lenye weupe kwa ncha ya kisu, akalikunja kwenye ukurasa wa daftari, akanipa mimi. Yeye asingeweza kumwacha mgonjwa. Nikimbie kwa mwalimu wa biolojia, avenyu ya juu, niulize hii ni nini, nirudi na jibu.

Mwalimu nilimkuta barazani amevaa tai. Shule ilikuwa imefungwa na yeye alikuwa anasahihisha mitihani ya miaka iliyopita, karatasi zilizokwisha kusahihishwa, anaongeza maksi hapa, anapunguza pale. Nilipomfungulia karatasi uso ukamchangamka. Akaleta kioo cha kukuzia, akatazama, akanipa na mimi nitazame: kulikuwa na kamba nyeupe ndani yake, zimepita huku, zimeungana kule. Nadhani nilisahau kabisa kwa nini nimetumwa.

"Ni champignon, mutoto," akasema. "Buyoga. Ambia maman: ni buyoga ndogo sana, inakulaka majani yenye kufa. Njo kazi yake. Haiwezi kufanya mutu kitu." Akachukua kalamu. "Nikuandikie?"

Na mimi, mtoto wa kwanza darasani kwa kukariri, mwenye kujua mito yote ya Kongo kwa mpangilio, nikajibu, "Hapana, mwalimu, nitakumbuka."

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu uyoga tunauita buyoga, na woga tunauita bwoga. Yaseme haraka haraka, mara kumi, huku unashuka mteremko. Na kwangu buyoga ulikuwa kitu kimoja tu: kile chenye kofia na mguu, ambacho bibi alikiokota kwenye kichuguu mvua za kwanza zikinyesha, tukakila na karanga. Ule weupe haukuwa na kofia wala mguu. Neno lile halikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwangu. Nilikimbia nikilirudia, buyoga, buyoga, buyoga, na nilipofika kwenye kona risasi zikalia, karibu sana safari hii. Mwanamke mmoja muuza mandazi alinivuta nyuma ya ukuta, akanibana kwenye kitenge chake kilichonuka mafuta. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

"Usikuwe na bwoga, mutoto," alikuwa ananiambia sikioni, "usikuwe na bwoga, usikuwe na bwoga, usikuwe na bwoga."

Sijui tulikaa pale muda gani. Milio ilipokatika akaniachia, nikakimbia tena nikilirudia neno langu mdomoni. Lakini ni neno gani? Nakuapia sikuona tofauti. Neno langu lilikuwepo, nalisikia, naliendesha mbio kama dumu tupu.

Uwanja ulikuwa umejaa zaidi. Wakanifungulia njia. Mama akainama na uso wake mbele ya uso wangu. "Mwalimu alisema nini?"

"Bwoga," nikasema. "Alisema ni bwoga."

"Bwoga ya nini?"

"Ni bwoga, maman. Inakulaka... yenye kufa."

Nikasikia pumzi za watu zikiingia zote pamoja. Jirani wa chini akapiga makofi. "Mulisikia? Mwalimu mwenyewe iko na bwoga! Mutu wa masomo yote ile, anaogopa kutaja!" Mwingine akasema nimesema inaua, mwingine akasema nimesema inakula maiti. Nilijua kulikuwa na kipande cha tatu, kipande kizuri cha mwisho, "haiwezi kufanya mutu kitu", lakini kilikuwa kimebaki nyuma ya ule ukuta, na kadiri walivyopiga kelele ndivyo kilivyozidi kwenda mbali. Nilifungua mdomo, nikalia.

Mama wa aneksi akanitazama. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kwa sauti ya chini, ambayo sikujua kwamba anayo, "Mwalimu alisema hivyo, mwanangu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo.

Akaenda kwenye bustani yake, akachuma jani la lengalenga, akalitafuna bichi mbele ya wote. Akachuma la pili. "Niko naonja," akasema. "Mulikuwa munataka nionje, muone." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonja mbele yetu, na haikusaidia chochote. Mmoja akapaza sauti kwamba mwenye karuho anakunywaka dawa yake mapema. Ukishafika pale, rafiki yangu, hakuna jani wala sahani itakayokuokoa. Nilielewa jambo hilo nikiwa na miaka tisa, na sijapata kulielewa zaidi.

Mama ndiye aliyemwambia aondoke. Nimeyageuza maneno yake mara nyingi, na sijui kama alimfukuza au alimwokoa. Alisema, "Maman, uende. Leo watu wananisikiliza. Kesho sitaweza kuwazuia." Labda ni yote mawili kwa pamoja. Yule mama alifunga nguo kwenye kitenge, akachukua jembe, godoro akaliacha. Alisema ana dada Nyangezi. Alipita katikati ya watu akashuka barabarani, akashika upande wa kusini, na hakuna aliyemrushia jiwe. Hilo nalisema kwa sababu siku zile lilikuwa jambo la kushukuru. Baadaye wanawake wakamwagia lundo mafuta ya taa, wakaliwasha. Majani yalikuwa yamelowa kwa ndani, hayakushika moto. Yalitoa moshi mchana kutwa, mzito, mweupe, ukaingia kwenye mashuka ya kila nyumba.

Mdogo wangu alipona siku ya tatu. Muuguzi alipopatikana alitoa maji ya chumvi na sukari, akauliza tunakunywa maji ya wapi. Ya ziwani. Mnachemsha? Makala yamekosekana. Akatikisa kichwa, akasema ana watoto watano wa avenyu hiyo hiyo wenye ugonjwa huo huo. Mmoja wao alikuwa wa jirani wa chini, ambaye hakuwahi kugusa lengalenga yetu. Yule jirani hakupanda kwetu tena kwa muda mrefu.

Na Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mwalimu akabisha hodi na kioo chake mfukoni. Alikuwa na furaha. Shule itafunguliwa, alisema, na angependa majani mengine kama lile, awaonyeshe wanafunzi. "Ile buyoga yenu iko wapi, maman?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. "Buyoga?" akauliza.

"Buyoga. Nilimuambia mutoto. Ile yenye kukula majani tu, yenye haina mubaya."

Mama alinitazama. Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa shukrani. Hakunipiga. Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake, alilirudia polepole, buyoga, bwoga, akafunika mdomo kwa kanga. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja asielewe, na mama alipomweleza akavua tai yake, sijui kwa nini, akaikunja, akaiweka mfukoni pamoja na kioo.

Alhamisi alfajiri mama alitoka kwa miguu kwenda Nyangezi kumwomba yule mama msamaha. Alirudi siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, miguu imevimba. Aliniita ndani, akanikalisha kitandani. Akasema, "Nilimuona. Nilimuelezea yote. Anasema hana kitu na wewe. Anasema wewe ni mutoto." Nililia mpaka nikalala, na niliamka nikiwa mzima. Siku zote zile lengalenga ilikuwa inakua nyuma ya aneksi na sisi tunaipita na njaa zetu, hatuigusi. Jioni ile bibi aliichuma, akaipika na mawese na kitunguu. Tulikula sote, hakuna aliyeonja kwanza.

Nimeishi kwa sentensi ile. Hana kitu na wewe, wewe ni mutoto. Niliibeba shuleni, chuoni, kwenye ndoa yangu; nilipokosea sana niliitoa nikajifunika. Na Nyalukemba ile imekwenda. Mti wa avoka ulikatwa, mahali pa bustani pana ghorofa lenye vioo vya buluu, jirani wa chini alihama, bibi tulimzika, mwalimu alikwenda kwa watoto wake nchi za mbali. Sahani haziteremki tena kutoka nyumba hadi nyumba; watu wamejenga kuta zenye vipande vya chupa juu. Wakati mwingine najiuliza kama uwanja ule ulikuwa mkubwa kama ninavyoukumbuka. Labda hata lundo halikufika kifuani kwangu.

Lakini siku ile ya mfereji, nikiwa na majani mkononi, nilianza kupiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga. Barabara ya Nyangezi nimeipita mara nyingi kwa gari, kikazi, najua milima yake na urefu wake. Hakuna mwanamke anayekwenda na kurudi kwa miguu, kati ya vizuizi vya askari, na akafika nyumbani jua likiwa bado juu. Jumamosi nikaenda kwa mama. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo, lakini akili yake ni kali kuliko yangu. Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo. Nikamuuliza moja kwa moja, bila hata salamu ya pili.

Hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo, akalitupa.

"Sikufika," akasema. "Kwenye bariere wakanirudisha. Nikakaa kando ya njia, nikafikiri. Ulikuwa haulale tangu Jumapili, haukule. Ningekuambia nini?"

"Na baadaye? Hukurudi tena?"

"Nilituma watu mara mbili. Dada yake alikuwa amekimbia Nyangezi. Hakuna mwenye alijua."

Nilitaka kukasirika, na hasira haikuja. Nilitaka kumshukuru, na shukrani nayo ikakwama njiani. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kuchagua maharage upande wangu wa ungo. Maneno yaliyonilea hakuna aliyeyasema. Mama yangu aliyatunga kando ya barabara, akiwa amechoka, ili mimi nilale. Na yule mama wa Luvungi, popote alipofika siku ile na jembe lake, alifika akiamini kwamba hata mwalimu, mtu wa masomo, alilitazama jani lake akaogopa. Kama yuko hai, bado anaamini hivyo, kwa sababu aliniuliza mimi, na mimi nilisema ndiyo.